Hita ya dizeli kwenye Canter ya kubebea mitamba: baada ya baridi mbili za Njombe na Makete

Mtu wa hapa Mtwara nikimwambia nimetoa karibu laki saba kufunga hita kwenye gari, huniuliza mara mbili kama nimesema hita au feni. Nawaelewa. Sisi Januari tunalala madirisha wazi na kikoi kiunoni, na hata Julai kusi ikivuma shuka moja linatosha. Lakini Canter yangu hailali Mtwara. Kila mwaka, kuanzia Mei mpaka Agosti, napanda Njombe mara tatu au nne kufuata mitamba ya maziwa ya wafugaji wa Naliendele, Mikindani na Lindi mjini. Ni mwendo wa karibu kilomita 900: Mnazi Mmoja, Ndanda, Masasi, Tunduru, Songea, halafu ndiyo unaanza kupanda na vioo vinaanza kushika ukungu. Huko juu tunalala garini, kwenye kichumba kilicho mbele ya ng'ombe, mimi na mpwa wangu ambaye ndiye utingo wangu, kwa sababu aliyebeba ng'ombe wa watu hawezi kuwaacha stendi akaenda kulala gesti.

Nawaandikia madereva wenzangu wa kusini wanaopanda kufuata viazi, mbao, maharage na mifugo. Haya ni maoni yangu kuhusu vitu vitatu nilivyolipia kwa pamoja: hita yenyewe, king'ora cha gesi ya sumu, na kazi ya fundi aliyevifunga hapa Magomeni ya Mtwara. Vimetutumikia baridi mbili, ya 2023 na ya 2024. Ila siwezi kuvielezea bila kusema kwanza kilichotufikisha huko.

Julai 2021 tulikuwa Njombe mjini, kwenye maegesho ya malori. Tulishapakia mitamba minne, kibali cha kusafirisha mifugo kikachelewa, ikabidi tulale. Baridi ya usiku ule ilikuwa inauma mpaka kwenye meno. Mpwa wangu akakoka mkaa nje kwenye jiko la bati, akaupepea mpaka ukaiva wote, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Nikamwambia aulete ndani. Nilisema mimi, si yeye. Tulilelewa tukiamini mkaa ukishaiva hauna madhara, kwamba kinachodhuru ni moshi. Tukafunga mlango, na tundu la hewa nikalisindilia gunia kwa sababu upepo ulikuwa unapenya.

Usiku wa manane mtamba mmoja alipiga teke ukuta wa bati unaotutenga nao. Ndiyo iliyoniamsha. Kichwa kilikuwa kinatwanga kama kinu, mdomo mkavu, nataka kuinuka miguu haitii. Nilijua nipo ndani ya gari lakini sikukumbuka mlango uko upande gani. Nikajiburuta, nikasukuma komeo kwa bega, nikaangukia nje kwenye matope. Hewa ile ile ya baridi niliyoikimbia ndiyo iliyonirudishia akili. Mpwa wangu nilimvuta kwa miguu. Nikamwita, kimya. Nikampiga mashavu, kimya. Mlinzi wa maegesho na dereva mmoja wa mbao walinisaidia kumpakia kwenye bajaji. Hospitali walimwekea oksijeni, na alfajiri akafumbua macho akaniuliza, "Njomba, ng'ombe wamekunywa maji?" Ni mtoto wa dada yangu, alikabidhiwa kwangu na mama yake mbele ya watu. Nilitoka nje nikalia.

Muuguzi wa zamu alinieleza kitu ambacho ningependa kila utingo akijue kabla hajajua kubadilisha tairi. Mkaa unapoungua unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo, kwa hiyo kifua kinapanda na kushuka kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Na ule mkaa mwekundu usio na moshi, tuliouona salama, ndio unaoitoa kwa wingi. Moshi ungekuwepo tungekohoa tukaamka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na miguu kulegea, na mtu huona ni uchovu wa safari, akajifunika vizuri zaidi na kulala.

Mwaka uliofuata tulipanda na mablanketi tu na madumu ya maji. Dumu la lita tano la maji ya moto yaliyopoa kidogo (ya kuchemka yanalilegeza), ukilivisha sweta la zamani na kuliweka miguuni, linashika joto mpaka saa tisa usiku. Hilo bado nalisifu, na asiye na hela ya hita aanze nalo. Tulijaribu pia jiko dogo la gesi, dirisha nusu wazi, mmoja macho mmoja amelala. Halikutuua, lakini lilitulowesha. Gesi inapoungua inatoa maji: kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Mvuke ule ulipanda kwenye bati la baridi la paa, ukawa matone, na saa nane za usiku ilikuwa inanyesha ndani juu ya mablanketi. Mtu aliyelowa Njombe anasikia baridi kuliko ambaye hakuwasha kitu. Halafu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama sakafuni, pale pale ulipolaza kichwa.

Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu namna wenye farasi kule Marekani wanavyoishi na jambo hili. Trela zao nyingi zimepangwa kama gari langu, kichumba cha kulala mbele na wanyama nyuma, na wanapiga kambi nazo mpaka kipindi cha theluji. Nilishangaa kuona mabishano yao ni yetu: tundu la hewa lizibwe au liachwe, gesi au dizeli, mnyama apashwe joto au aachwe. Wengi wana hita ndogo za gesi zenye kifaa kinachozima moto oksijeni ikipungua. Ni ulinzi mzuri, ila maelekezo ya baadhi ya hita hizo yanaonya kwamba ukipita mita 2,100 hivi zinaweza kujizima zenyewe, kwa kuwa hewa ya mlimani ni nyepesi. Njombe mjini ni karibu mita 2,000, na Makete unapanda zaidi ya hapo. Nikaona hita ya gesi si yetu, hata kama ningeipata.

Kwa hiyo hita ya dizeli. Ni boksi la chuma lenye ukubwa kama wa boksi la mabuti. Ndani kuna chumba cha moto kilichofungwa pande zote. Hewa ya kuunguzia inavutwa kwa bomba kutoka chini ya gari, na moshi unatoka kwa bomba jingine kwenda nje. Hewa tunayopumua sisi inapulizwa na feni juu ya mapezi ya chuma yaliyopata moto, inarudi kichumbani, haikutani na mwali hata kidogo. Moto una pua yake na sisi tuna yetu. Hicho ndicho nilichokilipia, na mengine yote ya hita hii, taa zake, rimoti yake, ningeweza kuishi bila hayo.

Niliagiza China kupitia mtu wa Kariakoo, shilingi 360,000 mpaka kufika Mtwara, mwezi mmoja na siku chache. Hapo nina mambo mawili ya kusema kwa mnunuzi. La kwanza, angalia umeme. Canter nyingi zilizotumika Japani ni za volti 24, na hita nyingi zinazouzwa ni za volti 12. Yangu niliagiza ya 24. La pili, usinunue kubwa ukidhani utafaidi. Kichumba changu kina upana wa mita mbili, kina cha mita moja na sentimita 30, na paa mita moja na tisini, yaani meta za ujazo tano hivi. Kilowati mbili zinatosha na kubaki. Rafiki yangu wa mbao alichukua ya kilowati tano kwa chumba kama changu. Ikawa lazima aiwashe chini kabisa usiku kucha, na hita ya dizeli inayotembea chini kabisa saa nyingi inajaza masizi. Yake ilikufa msimu wa kwanza.

Boksi lilikuja na karatasi ya maelekezo ya Kichina na Kiingereza kibovu. Klipu za bomba la moshi zilikuwa nyembamba kiasi kwamba moja ilikatika kwa bisibisi ya mkono. Sailensa yake imekunjwa tu kwenye maungio, haijachomelewa, na ina kitundu cha kutoa maji chini. Ukiifunga ndani ya chumba umejitengenezea jiko la mkaa jingine. Hizi ni lawama za kweli kwa bidhaa hii. Bila fundi anayejua anachokifanya, nisingemshauri mtu ainunue.

Fundi nilielekezwa na watu wa boti. Ni mzee, alianza kazi kwenye mashine za boti Mikindani kabla ya kuhamia kwenye malori, na karakana yake ni banda la makuti lenye sakafu ya zege safi kuliko sebule nyingi. Nilimwamkia, akaitikia, akaangalia boksi bila kuligusa.

"Mwanangu, unalaza kichwa upande gani?"

Nikamwonyesha.

"Na ng'ombe wanakaa nyuma yote?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ukiegesha, watu wanapita upande gani?"

Hakuniuliza bei ya hita wala imetoka wapi. Akatandika boksi la karatasi, akalala chini ya gari karibu nusu saa na kipande cha chaki. Alipotoka alishachora kwenye chasisi pa kupitisha kila bomba. Mlango wangu uko kushoto, kwa hiyo moshi akautoa kulia. Bomba la kuvuta hewa akalielekeza mbele, mbali na la moshi, lisije likanywa moshi wake lenyewe. Sakafu ya kichumba ni plaiwudi juu ya bati. Pale bomba la moto linapopita alikata tundu kubwa kuliko bomba, akafunga bamba la chuma, plaiwudi isiguswe na joto. Zile klipu zilizokuja na boksi alizitupa kwenye ndoo ya chakavu, akaweka za nati. Tangi dogo la plastiki akalifunga nje, ubavuni, ndani ya kikapu cha chuma alichokichomelea mwenyewe, na mpira laini wa mafuta akaubadilisha kwa mgumu. Nilipenda sana alivyolivalia bomba la moshi bati la kinga urefu wote linapopita chini ya ng'ombe, kwa sababu nilimwambia huwa tunamwaga maranda na majani makavu kule nyuma, na majani hayo yanaangukia chasisi.

Kazi ya siku mbili, 150,000. Mabomba, klipu, fyuzi na silikoni ya joto vilinigharimu 65,000 nyingine.

King'ora kilikuwa 90,000 na nilikiagiza pamoja na hita. Watu wengi hukiona ni ziada. Ningeambiwa nichague kimoja kati ya hita na king'ora, ningechukua king'ora na kulala na dumu la maji. Tafuta chenye alama ya EN 50291, na kama maandishi yanaishia na 2 ndicho kilichotengenezwa kwa magari ya kulala na boti, kinavumilia kutikiswa. King'ora cha moshi ni kitu kingine, hakiijui gesi hii. Changu kina kioo kinachoonyesha namba. Gesi ikifika 50, yaani sehemu 50 kwa kila sehemu milioni za hewa, kinasubiri kati ya dakika 60 na 90 ndipo kilie, ikifika 100 kinalia ndani ya dakika 10 hadi 40, na 300 ndani ya dakika tatu. Kimefungwa usawa wa vichwa vyetu tukilala, si darini. Chombo cha ndani kinachonusa gesi huchakaa baada ya miaka kadhaa, na tarehe ya mwisho imeandikwa mgongoni. Wewe unayenunua cha mtumba kigeuze uisome.

Usiku wa kwanza wa kuvijaribu tulikuwa Makete, Juni 2023. Asubuhi yake nyasi zilikuwa nyeupe na ndoo ya maji ya ng'ombe ina utando wa barafu ambao mpwa wangu aliuinua mzima kama kioo, akaupiga picha ampelekee mama yake. Jioni nilibonyeza hita, ikakaa kimya kama dakika moja, feni ikaanza pole pole, pampu ya mafuta ikaanza kugonga, tik, tik, tik, na baada ya dakika tano hewa ya joto ikatoka kwenye tundu. Joto kavu. Hilo ndilo nililolihisi kwanza. Shati langu lililolowa mchana lilikauka juu ya msumari. Kidude cha kuongozea kilifika nyuzi 19 na tukakiacha hapo. Namba ya king'ora ilikuwa sifuri, na usiku ule niliamka mara nne kuisoma.

Mafuta yaliyotumika kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri hayakufika lita moja na nusu. Umeme inavuta mwingi inapowaka na inapozima, kwa sababu kuna hita plagi ndani, ile inayopata moto ili kuwasha dizeli. Katikati inakula kidogo. Gari liliwaka asubuhi kwa selfu moja. Ila usiikatie umeme ghafla. Ukizima kwa kitufe feni inaendelea dakika kadhaa kupoza chuma, iache imalize yenyewe.

Tatizo la mlima lilijitokeza safari ya pili. Moshi ulianza kuwa mweusi na hita ikawa inakohoa kabla ya kushika. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo kwa kila pumzi, lakini pampu inaleta dizeli ile ile ya pwani, kwa hiyo mafuta hayaungui yote. Nilimpigia fundi, akanielekeza kwenye simu namna ya kupunguza mapigo ya pampu na kuongeza mwendo wa feni kwenye mpangilio wa ndani. Moshi ukasafika. Tangu hapo tukifika Songea tunabadilisha mpangilio, tukirudi Tunduru tunaurudisha. Na kila asubuhi kabla ya kuzima tunaipandisha mpaka juu kwa dakika 20, ichome masizi.

Safari hiyo hiyo ndiyo king'ora kilipolia. Tulichelewa kufika, maegesho yamejaa, mpwa wangu akaniongoza nirudi nyuma mpaka kwenye kona ya ukuta, ubavu wa kulia karibu uguse tofali. Moshi wetu ukawa unatoka na kugonga ukuta, unarudi chini ya gari. Saa sita na dakika kumi usiku nikasikia mlio mkali, mara nne mfululizo, kimya, mara nne tena. Namba ilikuwa 104. Kichwa changu kilikuwa hakiumi hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mpwa wangu alishafungua mlango kabla sijakaa. Tulisimama nje na mablanketi tukitazama namba inashuka kupitia mlangoni: 70, 41, 12. Hakuna aliyesema neno mpaka ikafika sifuri.

Niliporudi Mtwara nilimweleza fundi kila kitu, pamoja na ukuta. Hakujitetea. Alilala tena chini ya gari, akatoka na kidole kina vumbi la mbao: palikuwa na kitundu cha nyaya alichokitoboa yeye na kusahau kukiziba. Akakiziba, akarefusha bomba la moshi kwa sentimita 30 kuelekea nyuma na chini, akaweka mpira mpya kwenye kizingiti cha mlango. Nilipoingiza mkono mfukoni akasema, "Kosa langu halilipiwi." Hapo ndipo nilipoamua nitaandika kumhusu. Fundi anayekosea na kukubali ni wa kushikilia. Na mimi nimejiwekea sheria, ubavu wa kulia wa gari hauegeshwi ukutani, wala kwenye kingo ya udongo, wala karibu na gari jingine ambalo mtu amelala.

Kuhusu ng'ombe, kwa sababu wengi wananiuliza kama joto linawafikia. Haliwafikii, na sitaki liwafikie. Mtamba mwenye afya, aliyeshiba, mkavu, asiyepigwa na upepo moja kwa moja, nyuzi tano si kitu kwake. Ng'ombe ni jiko lenyewe. Miili mitano ndani ya kreti inapasha hewa kiasi ambacho ukiweka mkono kwenye ukuta wa bati unauhisi uvuguvugu. Kinachowaumiza ni unyevu na mkojo. Mwanzoni, kwa huruma ya mtu wa pwani, nilikuwa nashusha turubai pande zote na kulifunga kamba. Asubuhi ukilifunua macho yanakuwasha kwa harufu ya mkojo, ng'ombe wanakohoa, manyoya yamelowa kwa pumzi zao wenyewe. Mtamba mmoja wa mzee wa Mikindani alishuka na kikohozi akaugua wiki mbili, na nilimlipia dawa. Sasa turubai linaachwa wazi sehemu ya juu, kiganja kimoja na nusu pande zote mbili, chini limefungwa kuzuia upepo. Sakafuni tunamwaga maranda, ambayo Njombe yenye viwanda vya mbao kila kona unapata viroba vitatu kwa bei ya soda, na tunayabadilisha kila tunapolala. Mtamba mdogo sana au aliyelowa mvua tunamfuta kwa magunia makavu na kumvika gunia mgongoni. Hapati hita.

Tundu letu sisi pia halizibwi. Liko juu karibu na paa, ukubwa wa kiganja, na jingine chini karibu na mlango. Linapoteza joto, ndiyo. Hita ipo kwa ajili hiyo.

Mengine yasiyonifurahisha: pampu inagonga usiku kucha, na ukuta wa bati unaukuza mlio. Fundi aliifunga kwenye mpira ikapungua, haikuisha. Harufu ya dizeli haikosi siku ya kujaza tangi, kwa hiyo tunajaza mchana. Vipuri Mtwara hakuna. Hita plagi na ile chujio ndogo iliyoizunguka nimeziagiza za akiba, nazibeba kwenye droo pamoja na spana yake. Na Tunduru ukirudi, jua la saa nane, boksi hilo linakula nafasi ya begi la nguo.

Kwa anayesafiri mlimani mara moja kwa mwaka, hesabu haikubali, anunue king'ora, blanketi zito na dumu. Kwa anayelala huko usiku kumi au zaidi kila msimu, nainunua tena kesho, ya kilowati mbili, kwa sharti kwamba fundi awe huyu. Karakana iko Magomeni, uliza banda la mzee wa mashine za boti, kila mwendesha bajaji analijua. Nenda na gari lenyewe, usiende na vipimo kwenye karatasi, maana atataka kulala chini yake kabla hajakutajia bei. Ijumaa anafunga saa tano na nusu.